Tatu Huku, Saba Kule

Katika agizo la mipaka lililochapishwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya mwezi wa Machi 2012, Kaunti ya Lamu haichukui nafasi kubwa. Maeneobunge mawili, wadi 10, basi. Msomaji mwenye haraka hupita hapo kama basi la Malindi linavyopita vituo visivyo na abiria. Mimi nilikwama kwa jambo moja dogo. Zile wadi 10 hazikugawanywa tano tano. Lamu Mashariki ina tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Lamu Magharibi ina saba: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Kenya nzima ina wadi 1,450 na maeneobunge 290, yaani wadi tano kwa kila eneobunge ukichukua wastani. Kaunti ya Lamu ilipewa fungu lake kamili, tano mara mbili. Lakini kuna mtu aliyekaa na karatasi, akaona tano kwa tano haziji, akaandika tatu huku, saba kule.

Mtu huyo simjui. Pengine hakuwa mmoja, ilikuwa meza nzima ya watu wa ramani na watu wa takwimu, na chai iliyopoa. Lakini kazi yake naijua, na nimeitazama mara nyingi kiasi cha kutaka kuieleza.

Sensa ya 2009 iliikuta Lamu ina watu 101,539. Kati yao 82,698 walikuwa upande wa Magharibi, uliko mji wa Lamu wenyewe, na Mpeketoni, na mashamba ya bara. Mashariki walikuwa 18,841: watu wa Pate na Siyu, wa Faza na Kizingitini, Wabajuni wa Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, na Waaweer wa msitu wa Boni. Mbunge mmoja huku, mbunge mmoja kule. Bungeni, basi, mtu mmoja wa Mashariki alikuwa na uzito wa watu wanne na zaidi wa Magharibi. Waliochora mipaka hawakuwa na ruhusa ya kuliondoa tatizo hilo, maana jedwali la sita la Katiba ya 2010 lilisema marekebisho ya kwanza yasifute eneobunge lolote lililokuwapo. Kusogeza mpaka nako kusingefaa kitu. Mashariki ni visiwa na mwambao wa kaskazini, na huwezi kumchukua mtu wa Witu ukamwambia kuanzia leo mbunge wake ni wa Faza, apande mashua avuke mkondo wa Mkanda akisubiri maji yajae ndipo amfikishie shida yake.

Mlango huo ukiwa umefungwa, wakaingilia dirishani. Gawanya watu 82,698 kwa wadi saba, unapata 11,814 kwa kila wadi. Gawanya 18,841 kwa tatu, unapata 6,280. Tofauti iliyokuwa zaidi ya mara nne kwenye ubunge imeshuka chini ya mara mbili kwenye bunge la kaunti. Haijaisha. Lakini imepunguzwa pale ilipowezekana kupunguzwa, na hakuna kijiji kilichohamishwa wala kisiwa kilichopokonywa jina. Fundi wa majahazi akikuta ubao umepinda haulazimishi, huutafutia mahali ambapo kupinda kwake kutafaa. Wadi tatu za Faza, Kiunga na Basuba nazisoma hivyo.

Ufundi huu ulichelewa kufika Kenya. Kwa miaka mingi waliochora walikuwa na kalamu bila rula. Viti vya Bunge viliongezeka kwa vipindi: 117 wakati wa uhuru, 158 baada ya Seneti kuvunjwa na maseneta kuingizwa Bungeni mwaka 1966, 188 kwa uchaguzi wa 1988, 210 kwa uchaguzi wa 1997. Katiba ya zamani ilisema maeneo yawe na watu wanaolingana kadiri iwezekanavyo, kisha hapo hapo ikafungua mlango wa nyuma: tume inaweza kuiacha kanuni hiyo kwa kiasi itakachoona kinafaa. Maneno manne tu, *itakachoona kinafaa* pamoja na yale yaliyoyazunguka, yakatosha kupitisha lori. Sensa ya 2009 ilipohesabu watu kwa mipaka hiyo, Embakasi ya Nairobi ilikuwa na zaidi ya 900,000 na mbunge mmoja. Lamu Mashariki, na 18,841 wake, mbunge mmoja. Mtu wa Embakasi aliyepanga foleni alfajiri kupiga kura alikuwa amebeba chini ya sehemu moja ya 47 ya uzito wa kura ya mtu wa Kizingitini, na hakuna karani aliyemwambia.

Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, iliugusa ugonjwa huo katika ripoti yake ya 2008. Ikaundwa tume ya muda ya mipaka chini ya Andrew Ligale, aliyewahi kuwa mbunge wa Vihiga, na ripoti yake ya 2010 ikazua ugomvi mkubwa juu ya maeneo 80 mapya: nani kapata, nani kanyimwa. Kazi ikamaliziwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), mwenyekiti wake akiwa Issack Hassan, kwa miezi michache tu. Historia hiyo naipita haraka, si kwa sababu ni nyepesi, bali kwa sababu kila mara tunapoisimulia tunabaki kwenye ugomvi na kuusahau ule mstari wa Katiba uliobadilisha kazi yenyewe.

Nao ni Ibara ya 89. Inachofanya ni jambo ambalo fundi yeyote angelielewa: inaondoa “kiasi itakachoona kinafaa” na kuweka kipimo. Chukua watu wote wa nchi, gawanya kwa 290. Kwa sensa ya 2009, 38,610,097 kugawanya kwa 290 ni 133,138. Hicho ndicho kipimo cha eneobunge moja. Unaweza kukiacha kwa sababu ya milima na mito, kwa sababu ya miji, kwa sababu ya historia na uchumi na utamaduni unaowafunga watu pamoja, kwa sababu ya barabara na njia za mawasiliano. Lakini si zaidi ya asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, wala asilimia 30 kwa kwingineko. Kwa tarakimu: jijini unaweza kufika 186,393, usipite. Nyikani unaweza kushuka hadi 79,883, usiteremke zaidi. Mahali pa kawaida, ni kati ya 93,197 na 173,079.

Sasa keti na hesabu hizo uigawe Nairobi, uone utamu na uchungu wake. Nairobi ya 2009 ilikuwa na watu 3,138,369. Kwa kipimo kitupu ilistahili viti 23 na nusu. Ilikuwa na vinane. Vile 80 vipya vilikuwa vinagombewa na nchi nzima, na hakuna kiti cha zamani kilichoruhusiwa kufutwa, kwa hiyo jiji lisingepata 23 hata kwa miujiza. Likapata 17. Kwa nini 17? Gawanya: watu 184,610 kwa kila kiti, chini ya kikomo cha 186,393 kwa watu 1,783 tu. Wangepewa 16, wastani ungepanda hadi 196,148 na sheria ingekuwa imevunjwa kabla hata ya kuchora mstari wa kwanza. Kumi na saba ndiyo namba ndogo kabisa inayoweza kusimama mbele ya jaji. Wenye jiji walinyimwa viti sita na nusu, na hilo si la kushangilia, lakini hawakunyimwa hata kimoja zaidi ya pale sheria ilipofika. Kuna usahihi fulani wa fundi cherehani anayekata kitambaa kisichotosha: suti itabana, lakini haitapasuka mshono.

Na ikibana hivyo, kazi ya ndani inakuwa ngumu mno. Ukibakiwa na nafasi ya watu 1,783 kwa wastani, kila mtaa unaoutoa hapa unamzidishia mwenzake pale. Embakasi moja ikawa tano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Lang’ata ikazaa Kibra, Dagoretti ikawa mbili, Roysambu na Ruaraka zikatoka upande wa Kasarani, Mathare ikapata jina lake yenyewe. Kwa aliyezoea kuiona Nairobi kama mabasi na foleni, orodha hii ni majina. Kwa aliyeshika penseli, kila jina ni uamuzi kuhusu reli, au mto wa maji machafu, au barabara kuu ambayo mtoto wa shule hawezi kuivuka peke yake.

Penseli yenyewe haichori ovyo. Hili ndilo nililolipenda zaidi nilipojifunza namna agizo la 2012 lilivyoandikwa. Kila wadi inaelezwa kwa kata ndogo zilizomo ndani yake, ile kata ndogo anayoisimamia naibu wa chifu, ambamo sensa imekwisha kuhesabu watu. Hukai ukatunga mpaka katikati ya shamba la mtu. Unazichukua kata ndogo, kwa kawaida nzima nzima, unaziunganisha hadi upate wadi, unaziunganisha wadi hadi upate eneobunge. Anayejua kusuka mkeka ameshaelewa. Miyaa ya mkindu husukwa ukili kwanza, utepe mrefu, na kazi ya kuupata mkeka ni kuushona ukili kwa ukili. Hakuna anayeukata ukili katikati ili mkeka uwe na upana anaoutaka. Anayekutazama anaona mkeka mmoja, lakini aliyekaa karibu anauona kila mshono, na anajua kwamba mshono ulikwenda pale palipokuwa na ukingo tangu mwanzo.

Faida yake haiko kwenye uzuri pekee. Kata ndogo ina watu wanaojulikana idadi, ina mzee anayejua mto unapofurika, ina soko. Mtu yeyote mwenye nakala ya sensa na kalamu anaweza kujumlisha mwenyewe na kuona kama tume imesema kweli. Mpaka uliotungwa kwa siri hauwezi kujumlishwa. Huo ndio mtihani wangu wa mstari mzuri: fundi aweze kumkalisha chini mtu aliyeangukia upande asioutaka, akamwonyesha kwa vidole jinsi alivyofika hapo. Si lazima mtu huyo aondoke akicheka.

Katiba inataka tume iwasikilize wote wenye maslahi kabla ya kuamua, na hapo ufundi unageuka kuwa wa masikio. Hoja za vikao vya mipaka zinafanana nchi nzima. Mto ukijaa hatufiki huko. Soko letu ni hili, si lile. Zahanati wametujengea upande wa pili. Halafu huja hoja ambayo haisemwi wazi: sisi na wale hatuchanganyiki. Ile sababu ya “historia, uchumi na utamaduni” ndipo inapoanza kunuka, maana Kenya inajua jinsi neno jumuiya linavyoweza kuvalishwa kanzu likawa ni kabila tu. Mchoraji anayewasikiliza wote anapaswa kuitofautisha hofu ya mtu mdogo anayejua atamezwa na tamaa ya mgombea anayetafuta kata ndogo zenye kura zake. Wote wawili wanatumia maneno yale yale. Sijui mashine itakayoifanya kazi hiyo.

Alama za usikilizaji huo zimebaki katika majina. Fungua orodha ya wadi za Mombasa, eneobunge la Mvita: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni, Majengo. Panda Rabai, eneobunge jipya la wakati ule lililotoka Kaloleni: Mwawesa, Ruruma, Kambe/Ribe, Rabai/Kisurutini. Nenda Taita, Wundanyi, ukute Wundanyi/Mbale. Ule mkwaju uliosimama kati ya majina mawili naupenda kama ninavyopenda kiraka kilichoshonwa vizuri. Hesabu inaweza kulazimisha sehemu mbili zikae wadi moja, kwa kuwa peke yake kila moja ni ndogo mno. Kuna mvivu ambaye angechagua jina la wenye watu wengi akaendelea na kazi nyingine, na kuna mwoga ambaye angetunga jina la tatu lisilo la mtu. Mkwaju unasema tumewaunganisha, na tunajua nyinyi ni wawili. Wakambe na Waribe, wana wa Mijikenda wenye kaya zao mbalimbali, wanampigia kura mwakilishi mmoja wa wadi, lakini karatasi haijawafanya mmoja.

Kisha kazi ikapelekwa kukaguliwa. Katiba inampa yeyote asiyeridhika siku 30 za kwenda Mahakama Kuu tangu agizo litangazwe gazetini, nayo mahakama miezi mitatu ya kusikiliza. Zilifika kesi zaidi ya 100. Majaji watano walikaa pamoja, na Julai 2012 wakatoa uamuzi mmoja mrefu uliopita kaunti baada ya kaunti, wakibadilisha baadhi ya majina, wakihamisha baadhi ya kata ndogo, na sehemu kubwa wakiiacha kama ilivyo. Wapo waliosema wingi wa kesi ulionyesha tume ilishindwa. Mimi nauona kinyume. Kazi ambayo mtu anaweza kuishtaki mstari kwa mstari ni kazi iliyoandikwa waziwazi. Mipaka ya 1997 ilikuwa mibaya zaidi na hakuna aliyejua amshtaki nani kwa kipimo gani.

Wenzetu walikwisha kuonyesha kinachotokea penseli ikiachwa mkononi mwa mwenye kiti. Mwaka 1812 Bunge la Massachusetts, Marekani, lilichora jimbo la uchaguzi lililojipinda kama mjusi, gavana Elbridge Gerry akalitia sahihi, na gazeti likaliunganisha jina lake na la salamanda, mnyama mfano wa mjusi, likapata tusi linalotumika hadi leo, jerimanda. California ilikaa muda mrefu na mipaka waliyoichora wabunge wenyewe. Wakati mmoja ilikuwa na jimbo jembamba lililofuata pwani kama utepe, watu wakitania kwamba maji yakijaa linazama. Wapiga kura wakaamua mwaka 2008, na tena 2010, kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa wabunge. Tume yao ina watu 14: watano wa chama hiki, watano wa chama kile, wanne wasio wa vyama hivyo viwili, na wanane wa kwanza hupatikana kwa bahati nasibu. Ramani haipiti mpaka ipate kura kutoka makundi yote matatu, na ni marufuku kuangalia mbunge anaishi nyumba gani. Hata hivyo Novemba 2025 wapiga kura wale wale waliiweka kando kwa muda ramani ya tume ya viti vya bunge la nchi, wakaipitisha iliyotoka kwa wanasiasa, kuijibu Texas. Kipimo kimoja kwa nchi nzima, kama chetu, kinaepusha ugomvi wa aina hiyo. Lakini bahati nasibu yao nimeionea wivu. Sisi makamishna wetu huteuliwa kwa njia inayopita ofisi za wakubwa, na tunajua hadithi zake.

Tena fundi naye anahitaji kuwa kazini. Katiba inasema mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi 12. Kuanzia Machi 2012, hesabu hiyo ilifika mwisho Machi 2024. Mwezi huo tume haikuwa na kamishna hata mmoja: muda wa mwenyekiti na wenzake wawili ulikuwa umekwisha Januari 2023, wanne wengine walikuwa wameondoka baada ya mgawanyiko wa uchaguzi wa 2022, na nafasi zikakaa wazi wakati wanasiasa wakibishana juu ya namna ya kuzijaza. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Katiba inasema pia kwamba uchaguzi mkuu ukiwa ndani ya miezi 12 baada ya mapitio kukamilika, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Uchaguzi ni Agosti 2027. Yeyote aliyewahi kumpelekea fundi kitambaa wiki moja kabla ya Idi anaelewa hali hiyo.

Watakapoketi, karatasi ya kwanza mezani itakuwa sensa ya 2019: watu 47,564,296. Kugawanya kwa 290 ni 164,015. Asilimia 60 ya hiyo, kikomo cha chini kabisa kwa sehemu zenye watu wachache, ni 98,409. Na ile kinga ya viti vya zamani ilikuwa ya marekebisho ya kwanza tu.

Lamu Mashariki ya 2019 ina watu 22,258. Magharibi ina 121,662. Ukizijumlisha unapata 143,920, kaunti nzima, visiwa na bara na msitu, bado haijatimiza kipimo cha eneobunge moja. Dirisha la wadi lililotumika 2012 haliwezi kupitisha shida ya ukubwa huo. Atakayeishika penseli atakuwa na 143,920 upande mmoja, na upande wa pili mashua ya kuvuka Mkanda.